Jina Lililodondoka Njiani

Sogeeni, watoto. Sogeeni karibu, mlete na ule ungo wa kunde, mikono imenye huku masikio yakisikiliza. Sifueli, mwache mwenzako, usimfinye. Haya, tuanze vizuri.

Nina kisa mdomoni! Ninyi jibuni: kiteme tukidake!

Nina kisa mdomoni!

Kiteme tukidake!

Basi zamani, zamani ile mawe yangali laini, zamani ile milima yetu ilipokuwa bado inabishana nani akae wapi, palikuwa na kijiji kwenye mgongo wa mlima mmoja. Nyumba zake hazikutawanyika kama zetu. Zilifuatana kwenye ukingo ulioteremka, nyumba kisha nyumba, nyumba kisha nyumba, kutoka juu penye baridi hadi chini penye joto.

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya Mfumwa Kibacha. Mfumwa ni mtawala, mnajua. Nyumba ya chini kabisa ilikuwa ya mama mmoja mzee aitwaye Nasemba. Huyo Nasemba alikuwa na sauti! Akimkemea kuku wake, kuku wa Mfumwa huko juu nao walikimbia.

Chini ya ukingo kulikuwa na mashamba, na penye mashamba palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa. Watu walilichimba kwa mikono, likajaa polepole usiku kwa maji ya kijito, na asubuhi maji yakafunguliwa yakapita mferejini. Kila shamba lilikuwa na mdomo wake kwenye mfereji, umezibwa kwa udongo na gogo la mgomba. Hicho ndicho kizibo. Ukitoa kizibo, maji yanaingia kwako. Usipotoa, yanapita kwenda kwa mwenzako.

Sasa, nani atoe kizibo na nani asitoe? Hapo ndipo palipokuwa na desturi. Sikilizeni vizuri, maana kisa chote kimekaa juu ya desturi hii.

Kijiji kilikuwa na mwita maji. Aliitwa Sekibaha. Kila alfajiri Sekibaha alipanda hadi nyumba ya Mfumwa, kisha akashuka ukingo mzima akisimama kila mlango. Kila mlango, yule atakayeshika jembe siku ile alimtajia jina lake. Leo baba, kesho mama, kesho kutwa shangazi aliyekuja kusaidia. Majina hayakuwa yaleyale, Niwaeli, ndiyo maana ilibidi aulize kila siku. Akifika chini alipanda juu ya ukuta wa ndiva, akainua mkono, akaita majina yote. Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Akimaliza alishusha mkono. Mkono ukishuka basi, hakuna tena.

Hakukata alama kwenye kijiti. Hakuweka kokoto mfukoni. Alibeba kwa kichwa tu, na alijivunia kichwa chake.

"Kichwa hiki," alikuwa akisema akijigonga paji la uso, "ni mtungi usiovuja."

Na mwiko ulikuwa huu: Sekibaha akishapanda ukutani, hakuna wa kufungua mdomo. Hakuna kumkumbusha, hakuna kukohoa kwa makusudi, hakuna kupunga mkono. Kwa nini? Kwa sababu watu wale waliamini kwamba maji yenyewe ndiyo yaliyomwekea Sekibaha majina ulimini. Jina likija, maji yamekupenda. Jina lisipokuja, maji yamekupita. Na mtu akipitwa na kupitwa mpaka shamba lake likauke, watu walisema maji yamemkataa. Aliyekataliwa na maji hakuruhusiwa kukaa pale. Alifunga mizigo yake akaondoka, asije akawakausha na wengine.

Msicheke. Na ninyi mna mambo mnayoamini ambayo wajukuu wenu watayacheka.

Katikati ya ukingo ule palikuwa na mahame. Viwanja vitupu, jiwe la kusagia limebaki peke yake kwenye majani. Hapo aliwahi kukaa mzee Mrindoko na mkewe, maji yakawakataa, wakaondoka. Akafuata jirani yao wa juu, maji yakamkataa, akaondoka. Akafuata mwingine wa chini yao, naye vivyo hivyo. Watu walisema pale pana nuksi, na nuksi ile inatambaa kama moto wa majani makavu.

Na nyumba iliyobaki karibu na mahame yale, katikati kabisa ya ukingo, ilikuwa ya Namkunda.

Namkunda alikuwa mwanamke kijana, mkwe wa Nasemba. Aliolewa na mtoto pekee wa Nasemba, wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Mbonea. Kisha yule mume akaugua, akafa. Namkunda akabaki na mtoto wake na shamba la magimbi. Mnajua magimbi. Gimbi halivumilii kiu hata kidogo.

Alikuwa mtu mpole. Akisalimia unainama kidogo ili umsikie. Alikuwa na tabia ya kumega chakula kwanza cha jirani, ndipo cha kwake. Ukipita kwake na kuni, alikutua mzigo bila kuuliza unakwenda wapi, akakupa maji ya kunywa, akakutwika tena.

Kila alfajiri Sekibaha alifika mlangoni pake. Kila alfajiri Namkunda alimwambia kwa heshima, "Leo ni mimi, baba. Namkunda."

"Nimekusikia, mwanangu," akajibu Sekibaha, akaendelea kushuka.

Akafika ukutani, akainua mkono. "Kibacha!" Kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. "Nasemba!" Kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Mkono ukashuka.

Na Namkunda? Amesimama na jembe lake, mtoto mgongoni, maji yanapita mbele ya miguu yake, yanakwenda.

Wengine nao walipitwa leo, kesho wakaitwa, wakacheka, maisha yakaendelea. Jirani yake wa juu alikuwa Nakijwa, ambaye zamani Sekibaha alimposa akamkataa, na kila alfajiri walirushiana maneno. Jina la mwanamke aliyekukataa utalisahauje? Jirani yake wa chini alikuwa na mbwa aliyemrarua Sekibaha shuka. Na huyo utamsahauje? Lakini Namkunda hakuwa na ugomvi wala mbwa. Alipitwa leo, akapitwa kesho, akapitwa tena.

Magimbi yakaanza kuinamisha masikio. Majani yake, nyinyi mmeyaona, ni mapana kama masikio ya tembo. Yakainama, yakageuka manjano pembeni.

Mfumwa Kibacha akamwita. Hakuwa mtu mkatili, watoto, msimchukie. Alikuwa mtu wa desturi.

"Namkunda," akasema, "mwezi huu ukifa na maji hayajakuita, utarudi kwenu. Nisamehe, mwanangu. Sikuiweka mimi desturi hii."

"Na Mbonea?"

Mfumwa akatazama chini. "Mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Atabaki."

Namkunda hakulia pale. Alishukuru, akatoka, akatembea hadi nyuma ya nyumba yake, ndipo akaketi chini. Nasemba ndiye aliyemkuta hapo, amemkumbatia mtoto, mtoto anacheza na shanga za shingoni mwake, hajui lolote.

Sasa niwaambieni kitu. Mtoto angebaki kwa nani? Kwa bibi yake, Nasemba. Mjukuu pekee wa mtoto wake pekee. Bibi mwingine angekaa kimya, akangoja mwezi ufe, akampokea mjukuu. Nasemba hakuwaza hivyo hata mara moja.

"Simama," akasema. "Simama, mwanangu. Nani amekufa hapa?"

"Mama, maji yamenikataa."

"Maji yamekukataa! Maji yana akili gani? Ukimmwagia bata maji yanakubali, ukimmwagia nguruwe yanakubali, yaje yakukatae wewe? Futa pua hiyo."

Namkunda akacheka na machozi yakiwa bado shavuni. Lakini Nasemba mwenyewe hakucheka. Jioni ile alikwenda kuokota kuni, na aliporudi aliketi kupumzika kwenye yale mahame, juu ya jiwe la kusagia la mke wa Mrindoko. Akawaza kwa sauti, maana Nasemba hakujua kuwaza kimya.

"Mrindoko alikuwa mtu mwema. Alipoondoka, maji yakamkataa jirani. Jirani naye alikuwa mtu mwema. Alipoondoka, maji yakamkataa mwingine. Hivi maji haya yamewahi kumkataa mtu wa juu kabisa? Hata siku moja. Yamewahi kunikataa mimi wa chini kabisa, na mdomo wangu huu? Hata siku moja. Sasa yana kisa na watu, au yana kisa na mahali?"

Akainuka, akaacha kuni palepale, akamfuata Namkunda.

"Leo unalala kwangu," akasema. "Nami nalala kwako. Kesho asubuhi ukiulizwa, taja jina lako mlangoni kwangu. Mimi nitataja langu hapa. Na nitalitaja kwa kasauti kako haka haka ka kuku mgonjwa, tusije tukadanganyana."

"Mama, na maji yakikukataa na wewe?"

"Yakinikataa nitayatukana. Beba mtoto, twende."

Alfajiri Sekibaha akashuka ukingo. Alipofika katikati akamkuta Nasemba mlangoni.

"Kulikoni, mama Nasemba, umehama?"

"Nimekuja kupunga upepo. Leo ni mimi, Nasemba." Akasema polepole, kwa upole, mpaka Sekibaha akamuuliza kama anaumwa.

Akaendelea kushuka. Mbwa akambwekea. Akaendelea. Chini kabisa akamkuta Namkunda, akasema, "Leo ni mimi, baba. Namkunda."

Akapanda ukutani, akainua mkono. "Kibacha!" Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Akafika mwisho, akavuta pumzi, akaita kwa nguvu:

"Namkunda!"

Watoto, Namkunda alisahau kwamba ni yeye! Alisimama kama mti. Mpaka Mbonea mgongoni alipompiga mateke, ndipo akakitupa kizibo kando, maji yakaingia, magimbi yakanywa. Akaingiza mikono kwenye matope, akajipaka usoni.

Mkono ukashuka.

Na Nasemba? Nasemba amesimama na jembe lake, maji yanampita. Nasemba, ambaye tangu azaliwe maji hayakuwahi kumpita!

Watu wote wakamtazama. Yeye akatazama maji, akaanza kucheka. Akacheka, akashika kiuno, akacheka. Mwiko ulikataza maneno, haukukataza kicheko.

Mkusanyiko uliitishwa mchana uleule. Watu walikuwa wamechachamaa.

"Umeona!" akasema mmoja. "Nuksi ya nyumba ile imempata na mama yetu!"

"Nyumba ndiyo mbaya," akasema mwingine. "Ichomwe!"

"Ichomwe na vilivyomo!"

Nasemba akasimama. "Ichomwe ili iweje? Mmeshavunja ya Mrindoko, mmevunja ya jirani yake. Nuksi ilikwisha? Ilisogea nyumba moja. Mkiichoma hii kesho itakuwa yako, wewe unayepiga kelele, maana wewe ndiye utakayekuwa katikati."

Yule aliyekuwa akipiga kelele akakaa chini.

"Mama Nasemba," akasema Mfumwa Kibacha, "unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema, nataka kuona. Kesho Sekibaha asianzie kwako. Aanzie kwenye nyumba ile mnayoiita mbaya. Ashuke hadi kwangu, kisha apande hadi kwako, ashuke hadi kwa Nakijwa, ndipo aje ukutani. Nyumba ni zilezile, watu ni walewale, kichwa ni kilekile. Kama ni nuksi, nuksi haijali mtu ameanzia wapi. Namkunda atapitwa, nami nitamfungia mizigo kwa mikono yangu mwenyewe."

Namkunda akamshika mkono. "Mama!"

"Nyamaza, mwanangu. Mkweo yuko kazini."

Sekibaha akatikisa kichwa kwa majivuno. "Nianzie juu, nianzie chini, nianzie kwenye tundu la panya, kwangu ni sawa. Mtungi hauvuji."

"Na iwe hivyo," akasema Mfumwa. Hakuona hatari yoyote. Angeionaje? Tangu awe Mfumwa jina lake lilikuwa la kwanza kuitwa, kila siku.

Alfajiri Sekibaha akaanzia kwa Namkunda. "Leo ni mimi, baba. Namkunda." Akashuka huku akilisema moyoni, Namkunda, Namkunda, kisha akaongeza la pili, Namkunda na huyo wa pili, akaongeza la tatu, akarudia yote kutoka mwanzo, akashuka hadi chini kabisa. Kisha akaanza kupanda. Mlima ule ni mkali, mnaujua ulivyo. Alifika juu anahema kama mbuzi aliyekimbizwa na chui.

Mfumwa akamngojea mlangoni na jembe begani. "Leo ni mimi. Kibacha."

"Nime... nimekusikia, Mfumwa," akasema Sekibaha akifuta jasho. Akashuka, mlango kisha mlango, jina kisha jina, hadi kwa Nakijwa.

"Umechelewa," akasema Nakijwa. "Hata posa yako ilichelewa hivyohivyo. Leo ni mimi, Nakijwa."

"Ningechelewa zaidi ningekuwa na bahati zaidi," akasema Sekibaha, akaenda zake ukutani.

Kijiji kizima kilikuwa bondeni. Hata wagonjwa walibebwa. Sekibaha akapanda, akainua mkono, akaita la kwanza:

"Namkunda!"

Kizibo kikatolewa, maji yakaingia.

Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. Kisha Sekibaha akanyamaza kidogo, akakunja uso, akaruka mbele. Jina likaitwa, kizibo kikatolewa, maji yakaingia. "Nakijwa!" Kizibo kikatolewa, maji yakaingia.

Mkono ukashuka.

Mfumwa Kibacha alikuwa amesimama penye shamba lake. Vidole vyake vilikuwa tayari vimeshika gogo la mgomba, anangoja. Maji yakaja, yakamgusa vidole, yakapita.

Watu walimtazama Mfumwa, wakatazama chini, wakamtazama tena. Kila mtu aliijua desturi. Kila mtu aliwaza jambo moja na hakuthubutu kuliwaza hadi mwisho. Maji yamempita Mfumwa!

Mfumwa akatazama maji yake yakienda kwa wengine. Akamtazama Sekibaha juu ya ukuta. Mdomo wake ukafunguka. Na mtu wa desturi, mtunza miiko ya kijiji kizima, akawa mtu wa kwanza kusema penye ndiva ile.

"Sekibaha," akasema. "Na mimi je?"

Basi. Hayo tu. Lakini kila aliyewahi kupitwa alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha Mfumwa. Ndiyo maneno aliyotaka kusema Mrindoko. Ndiyo maneno aliyotaka kusema Namkunda, asubuhi zote zile, na jembe lake, na mtoto mgongoni.

Na nani aliyesogea kwanza? Si mzee wa ukoo, si Nasemba. Ni Namkunda. Maji yalikuwa yamefika kwenye tuta lake la kwanza tu, magimbi mengine bado yana kiu. Akachukua kizibo chake, akaziba mdomo wa shamba lake, maji yakageuka. Akakimbia na miguu ya matope hadi kwa Mfumwa, akapiga magoti, akakitoa kizibo cha shamba la Mfumwa kwa mikono miwili.

"Pokea ya kwangu, baba," akasema. "Najua panavyouma hapo uliposimama."

Mfumwa akamtazama. Alikuwa ameshamwambia binti huyu aondoke, amwache mtoto wake. Maji yakaingia kwenye shamba lake yakiimba, naye akaketi kwenye ukingo wa mfereji kama mtu aliyetembea safari ndefu.

Sekibaha akashuka ukutani, akamjia Mfumwa. "Mfumwa, uniue. Sikukusudia. Ulikuwepo kichwani, nilikusikia kwa masikio yangu haya. Sijui ulidondokea wapi."

"Tueleze tu," akasema Mfumwa. "Ukitembea, majina unayabebaje?"

Sekibaha akawaza. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Yale ya kwanza nayarudia njia nzima, nayarudia mpaka yananizoea. Yale ya mwisho nafika ukutani bado yanalia masikioni. Lakini ya katikati... la katikati linapokuja nimejaa tayari, sina nafasi ya kulirudia, na kabla halijakaa linasukumwa na linalofuata."

"Kuni!" akasema Nasemba kwa sauti iliyowaamsha ndege. "Ni mzigo wa kuni, enyi watu! Kamba ikilegea, za nje zinabaki zimeshikwa na kamba. Zinazochomoka na kudondoka njiani ni zile za katikati. Sasa nani aliwahi kusema ukuni uliodondoka una nuksi? Ukuni umefanya nini? Kamba ndiyo iliyolegea!"

Watu wakaangaliana. Mmoja akaanza kulia, maana nyumba ya Mrindoko aliibomoa yeye.

Sekibaha akavua shuka lake la mwita maji, akalikunja, akamwekea Mfumwa miguuni. Lakini Namkunda akaliokota, akalikung'uta matope, akamvika tena mabegani.

"Baba, wewe hukuiba jina la mtu," akasema. "Ulibebeshwa mengi mno peke yako. Hata punda tunamgawia mzigo."

Na Nakijwa, yule mwenye ulimi mkali, akajongea. "Anakumbuka mabaya yangu yote tangu ujana. Si kichwa kibaya hicho. Nitamsaidia kubeba."

Watu wakacheka, Sekibaha naye akacheka akifuta macho.

Mfumwa Kibacha akainuka, akasema maneno ambayo kijiji kile kiliyashika. Akasema, kuanzia leo hakuna anayekataliwa na maji. Akasema, mwita maji asibebe ukingo wote kwa mara moja. Ashike nyumba chache, aite, maji yaingie, kisha arudi kushika nyingine chache. Na kila siku aanzie mlango mwingine, ili kila mtu apate kuwa wa kwanza, na kila mtu apate kuwa wa katikati, ajue kulivyo. Na kabla ya kushusha mkono aulize kwa sauti, "Nani sijamwita?" Na aliyepitwa ajibu bila hofu, "Mimi!"

Kisha akatuma watu wakawatafute waliofukuzwa. Wengine walipatikana, wakarudi na watoto waliozaliwa ugenini. Mrindoko alikuwa ameshafariki. Mkewe alirudi peke yake, mzee, na Mfumwa mwenyewe alimfuata njiani akambebea mzigo wake, hakumwachia mtu mwingine.

Na Namkunda? Alibaki nyumbani kwake na mtoto wake. Magimbi yakasimamisha masikio. Na alipovuna, wa kwanza kupelekewa kapu alikuwa Sekibaha, ndivyo alivyokuwa mtu yule. Nasemba alilalamika siku nzima kwamba mkwe amemsahau, huku anakula gimbi alilolichukua mwenyewe jikoni mwa Namkunda bila kuomba.

Sasa niwaambieni la kubaki nalo. Mama akikutuma vitu vingi, vya kwanza utavikumbuka, vya mwisho utavikumbuka, basi virudie vile vya katikati, maana ndivyo vinavyodondoka. Na watu ni hivyohivyo. Ukigawa chakula, ukisalimia wageni, ukihesabu marafiki zako, kabla hujashusha mkono uliza nani hujamwita. Na mtu akisahaulika, usiseme ana kasoro. Kasoro iko kwenye kamba iliyofunga mzigo.

Na wewe Naetwe, uliyekaa kati ya kaka mkubwa na mdogo wako anayedekezwa na kila mtu, mbona umemenya kunde nyingi kuliko wote na hakuna aliyekusifu? Njoo hapa. Njoo ukae kwenye mkeka wa bibi. Leo kibakuli cha kwanza ni chako, wengine watangoja.

Kisa kimekwisha, nimekitema na ninyi mmekidaka. Aliyekidaka kizima akipeleke kwa wenzake, asikidondoshe njiani. Mimi naenda kutazama chungu changu.